Mavazi Mapya kwa Nguo Zilizotupwa



Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kusema juu ya kazi moja ambayo watu wengi huidharau kabla hawajaitazama sawasawa, nayo ni kazi ya kubuni na kushona mavazi mazuri kwa nguo kuukuu na vitambaa vilivyokwisha kutupwa. Kutia kiraka ni jambo jema, na kiraka kina heshima yake. Walakini habari yetu ya leo yapita hapo. Twataka kusema habari za fundi achukuaye shati lililokataliwa sokoni, suruali iliyotoboka magotini, au shuka iliyopauka, akazifumua, akazipima, akazipanga kwa namna nyingine, hata akatoa vazi ambalo mtu atalinunua kwa kupendezwa nalo. Tutatazama kwanza jinsi watu wa nchi mbalimbali walivyoifanya kazi hii. Kisha tutaeleza namna ya kuifanya kwa mkono. Na mwisho tutauliza swali lililo kubwa kuliko yote kwa kijana mwenye cherehani yake: je, kazi hii yaweza kumlisha?

Wazee wetu walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mbachao ni mkeka mkuukuu uliochakaa, lakini ni wako, msala ni mzuri, lakini unapita na mwenyewe. Methali hiyo hutajwa sana katika mambo ya ndoa na urafiki, nasi twaona yafaa vilevile kwa fundi wa nguo. Tena watu wa pwani yetu wana ushahidi wao wenyewe kwamba vazi zuri laweza kuzaliwa kwa kuunga vipande. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za mraba zilizokuwa bado hazijatengwa katika jora lake, wakakata tatu kwa tatu, wakaziunga safu mbili, wakapata nguo moja pana ya leso sita. Kwa masimulizi hayo ndiyo asili ya kanga, na hata leo watu wa Mombasa huiita leso. Tazameni kanzu pia: kile kipande kidogo kiwekwacho chini ya mkono, kiitwacho kikwapa, hupatikana katika mabaki ya kitambaa, nacho ndicho kimpacho mvaaji nafasi ya kuinua mkono bila kupasua mshono. Basi kuunga vipande si jambo geni kwetu.

Sasa twende mbali kidogo. Katika Japani ya kaskazini, hasa upande wa Aomori, baridi ni kali na pamba haistawi. Wakulima wa zamani walivaa nguo za nyuzi ngumu za miti shamba, na pamba iliwafikia zaidi kwa sura ya matambara yaliyotoka katika miji ya kusini. Hawakuyatupa. Waliyaweka tabaka juu ya tabaka, wakayapiga bandi kwa mishono midogo iliyopangwa mistari na maua, mpaka yakawa nguo nzito yenye kuzuia baridi. Ushonaji huo waitwa sashiko, na nguo zenyewe huitwa boro, yaani matambara. Vazi moja lilivaliwa na baba, kisha na mtoto, kila mmoja akiongeza kipande chake. Nguo hizo, ambazo wenyewe walizionea haya kwa kuwa zilikuwa alama ya umaskini, leo zimewekwa katika makumbusho, na wabunifu wa mavazi huenda kuzitazama ili wajifunze.

Katika Marekani, wakati wa dhiki kubwa ya miaka ya 1930, unga, sukari na chakula cha kuku viliuzwa katika mifuko ya pamba. Wanawake wa mashambani waliilowesha mifuko hiyo, wakasugua maandishi mpaka yakatoka, wakashona magauni, mashati ya watoto na mapazia. Wenye viwanda vya unga walipoona hayo, wakatambua kwamba mama ndiye achaguaye mfuko wa kununua. Basi wakaanza kuichapa mifuko maua na mistari ya rangi, na jina la kiwanda wakaliandika kwa wino utokao upesi, au katika karatasi ya kubandua. Mama aliyetaka gauni moja alihitaji mifuko kama mitatu ya ua moja, na mzee aliyetumwa dukani ilimpasa kukumbuka ua lenyewe kuliko hata jina la unga. Hapa twaona jambo la maana: kazi ya mikono ya watu wa nyumbani iligeuza nia ya kiwanda.

Kadhalika Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, tarehe 1 Juni 1941, Serikali ya nchi hiyo ilianza kugawa nguo kwa vipimo. Kila mtu mzima alipewa kuponi 66 za mwaka mzima, na suti moja ya mwanamume ilikula kuponi 26. Mwaka 1943 ikatoka kwa amri ya Serikali kijitabu kilichoitwa Make Do and Mend, maana yake, Tumia Ulicho Nacho na Kukitengeneza. Wanawake walifundishwa kugeuza suti za waume zao waliokwenda vitani kuwa koti na sketi. Mablanketi yakawa makoti. Hariri ya miavuli ya kurukia kutoka ndege ikawa nguo za ndani na hata magauni ya harusi. Mgawo huo wa nguo haukuisha mpaka mwaka 1949, miaka minne baada ya vita kwisha. Watu walichoka nao, wala si ajabu. Lakini wengi waliojifunza wakati ule kufumua na kupanga upya walibaki na ujuzi huo maisha yao yote.

Walakini yatupasa kusema na upande wa pili. Katika mji wa Batley, huko Yorkshire, mtu mmoja jina lake Benjamin Law alivumbua mwaka 1813 njia ya kurarua matambara ya sufu mpaka yakarudi kuwa nyuzi, akazichanganya na sufu mpya, akasokota na kufuma nguo nyingine. Ilikuwa akili kubwa, na miji ya huko ikatajirika. Lakini nyuzi zilizoraruliwa huwa fupi, na nguo ya nyuzi fupi haina nguvu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, wafanya biashara wenye pupa waliwauzia askari sare za kitambaa cha namna hiyo kilichofanywa ovyo, nazo zikararuka upesi mwilini mwa watu. Jina la kitambaa hicho, shoddy, likawa katika lugha ya Kiingereza neno la kila kitu kibovu kilichofanywa bila uangalifu. Basi kila fundi ashonaye kwa vitu vilivyotupwa na aikumbuke habari hii. Anayeshona ovyo kwa kitambaa kipya hujiharibia jina yeye peke yake. Anayeshona ovyo kwa kitambaa kikuukuu huiharibia jina kazi yote.

Je, watu wenye uwezo wa kununua nguo mpya wamepata kuitaka kazi hii? Wamepata. Mwaka 1991 mbunifu Martin Margiela, Mbelgiji aliyefanya kazi Paris, alitengeneza sweta kwa soksi za askari. Alizipasua, akaziunga, na visigino vya soksi akaviweka penye viwiko na penye kifua, mahali ambapo mwili wahitaji nafasi. Tazameni akili hiyo: kisigino cha soksi kimekwisha kufumwa kwa umbo la duara, naye hakupingana na umbo hilo, bali alilitafutia kiungo cha mwili kinachofanana nalo. Katika miaka hiyohiyo, Lamine Kouyaté, mzaliwa wa Bamako katika nchi ya Mali, alianza huko Paris kununua sweta na magauni ya mitumba, akayakata na kuyaunga kwa uzi mwekundu, na mishono akaiacha nje, ionekane na kila mtu. Wengine huficha mshono kwa kuona haya. Yeye aliufanya kuwa pambo na alama yake, na watu wa Paris, ambao huchagua sana, wakaja kununua.

Sasa turudi kwetu. Neno mtumba maana yake ni mzigo uliofungwa, na kutoka hapo tumepata mitumba, nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo na kuletwa kwetu katika marobota, au belo, kama wafanya biashara wanavyoziita. Gikomba katika Nairobi, Karume katika Dar es Salaam, na Owino katika Kampala ni masoko yanayojulikana mbali. Mfanya biashara hununua belo likiwa limefungwa, na hajui yaliyomo mpaka akate kamba. Huenda akakuta mashati mazuri juu na chini. Huenda akakuta nguo zenye madoa, zilizopasuka, au makoti mazito ya theluji ambayo hapana mtu wa Dar es Salaam atakayeyavaa. Fedha yake imekwisha kutoka, wala hapana wa kumrudishia. Nguo zile asizoweza kuuza ndizo tunazosema habari zake leo.

Neno la mitumba ni zito, nalo limefika hata katika mabaraza ya wakubwa. Mwezi wa Machi 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba biashara hiyo ipunguzwe mpaka ikome, ili viwanda vya nguo vya nchi zao vipate nafasi. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu. Marekani haikupendezwa; nchi nyingine za Jumuiya zikarudi nyuma, nayo Rwanda, iliyoshika neno lake, ikaondolewa mwaka 2018 katika msamaha wa ushuru wa nguo inazouza Marekani. Hatukusudii kuhukumu jambo hilo hapa. Twalitaja ili msikilizaji aone kwamba shati lile alilolitupa mtu wa Chicago lina mambo mengi nyuma yake, na kwamba wako watu wanaotegemea kuletwa kwake, na wako waliopoteza kazi kwa sababu ya kuletwa kwake.

Katikati ya ugomvi huo, mbunifu mmoja wa Kampala alipata shauri la namna yake. Bobby Kolade alisomea kazi ya mavazi Berlin, kisha akarudi Uganda alikokulia. Yeye na mafundi wake hununua mitumba ya soko la Owino, huifumua, huikata na kuiunga kuwa mavazi mapya, kisha huyauza kwa watu wa nchi zile zile zilizoyaleta. Kazi hiyo ameiita Return to Sender, yaani, Irudi kwa Aliyeituma. Jina hilo lina mzaha na lina uchungu pia. Lakini chini ya mzaha kuna hesabu: nguo iliyoingia kama kitu cha kutupwa yatoka na jina la fundi wa Kampala, na bei yake yamhesabia mfanya kazi ujira wake.

Basi, kazi hii hufanywaje? Twataka sasa kusema taratibu, ili mwenye mkasi na sindano aweze kufuata.

Jambo la kwanza ni kuchagua. Ishike nguo mbele ya mwanga wa jua, uitazame kwa nyuma. Mahali palipochakaa mwanga hupenya kama maji katika chekeche. Tazama viwiko, magoti, makalio, kwapa na ukosi, maana hapo ndipo nguo hufa kwanza. Kisha ivute polepole kwa marefu na kwa mapana. Ikilia au ikafungua nyuzi, iache. Lakini usiikatae nguo nzima kwa kosa la mahali pamoja. Shati la mwanamume lililooza ukosi aghalabu lina mgongo mzima, na mgongo ndio kipande kikubwa kuliko vyote katika shati. Suruali ya jinzi iliyopasuka magotini ina kitambaa kizuri nyuma ya mguu, chini ya goti, ambapo mtu hakukalia wala hakupigia magoti. Tai iliyotoka katika desturi hukatwa hanamu, yaani mshazari. Ukiifumua wapata ukanda unaonyumbulika, unaofaa sana kwa kuzungushia ukosi wa gauni.

Jambo la pili ni kufua kabla ya kukata. Wengi huacha hili kwa haraka, na baadaye hujuta, kwa kuwa vipande vya nguo mbili tofauti vikiungwa kabla ya kufuliwa, kimoja chaweza kuruka na kingine kisiruke, na vazi likajikunja kama jani kavu. Fua kila nguo peke yake mara ya kwanza, uone kama yachujuka. Pamba yaweza kuvumilia maji ya moto. Sufu haiwezi, kwa maana hukakamaa na kushikana.

Jambo la tatu ni kufumua. Usirarue. Kata uzi mmoja katika kila mishono mitatu au minne upande mmoja wa mshono, kisha ugeuze upande wa pili uuvute uzi; utatoka wote mzima, na kitambaa hakitadhurika. Weka vifungo katika kopo, zipu katika kopo jingine, na bitana za makoti mahali pake, maana bitana nzuri ni bei kuinunua. Kisha piga pasi kila kipande juu ya kitambaa chenye unyevu, mpaka mikunjo ya zamani itoke. Na unapopiga pasi, kigeuze kipande uone ndani yake. Mara nyingi upande wa ndani wa nguo ya sufu haujapauka, nao ni kama mpya. Mafundi wa zamani walifumua koti zima, wakaligeuza ndani nje, wakalishona tena, na mwenye koti akalivaa miaka mingine mingi.

Jambo la nne ni kuujua mtande na mshindio. Mtande ni nyuzi za marefu, mshindio ni nyuzi za mapana. Nguo huning'inia vizuri nyuzi za mtande zikishuka kutoka bega kwenda pindoni. Ikikatwa hanamu, huvutika. Katika kitambaa kipya mtande wajulikana kwa kuwa ukingo wa jora upo. Katika shati lililofumuliwa ukingo haupo. Basi chukua chaki, utie mshale katika kila kipande, kuonyesha marefu ya nyuzi, kabla hujakichanganya na vingine. Fundi asiyetia mshale atashona gauni ambalo upande mmoja washuka na upande mmoja wapanda baada ya kufuliwa mara mbili.

Jambo la tano, nalo ndilo lenye ubunifu, ni kupanga. Hapa kazi yetu yatofautiana na kazi ya jora. Mwenye jora huchora vazi kwanza, kisha hukata kitambaa kifuate mchoro. Mwenye nguo kuukuu hutandaza vipande vyake chini, huvitazama, na mchoro hutoka katika vipande hivyo. Hujiuliza: kipande hiki chaweza kuwa nini? Mfuko ulioshonwa vizuri, je, ubaki ulipo? Mstari wa vifungo, je, uende mgongoni? Tena ajihadhari na wingi wa rangi. Rangi moja na iwe mwenye nyumba, nyingine ziwe wageni wake. Vipande vya rangi kumi vikiwekwa bila mpango hufanana na duka lililoanguka. Lakini ukivitenga kwa ukanda mwembamba wa kaniki au wa bafta nyeupe, macho hupata mahali pa kupumzika, na vazi lote huwa kitu kimoja. Wala usiunge kitambaa kizito na chepesi, kwa kuwa kizito hukivuta chepesi mpaka kikachanika.

Tutoe mfano mmoja. Tuseme tuna mashati mawili ya mwanamume, moja la mistari, moja la buluu tupu, nasi twataka gauni la mtoto wa miaka mitano. Shati la mistari tunalikata kwa mapana chini ya makwapa. Sehemu ya chini ni mzunguko wa sentimita 110 au zaidi, una pindo lililokwisha kushonwa, na vifungo na matundu yake mbele. Huo ni sketi. Tunaukusanya kwa uzi mpaka utoshe kiuno cha mtoto. Shati la buluu mgongo wake unatoa kifua na mgongo wa gauni, na mikono yake, ikipunguzwa upana, inatoa mikono mifupi. Ukanda wa mistari unaobaki juu unazunguka ukosi, ili rangi ya chini ionekane na juu. Tazameni jinsi tulivyotumia kazi ya mtu mwingine: pindo hatukulishona sisi, wala matundu ya vifungo hatukuyatoboa sisi. Fundi mwenye akili huacha kufumua kile kinachomfaa.

Kabla ya kutia katika cherehani, piga bandi kwa mkono, umvishe mtu, utazame. Na mishono ya ndani ilazwe na kushonwa mara mbili, ili nyuzi za kingo zisifumuke. Kitambaa kikuukuu hufumuka upesi kuliko kipya. Kwa jinzi tumia sindano nene, namba 16, na uzi wenye nguvu, vinginevyo utavunja sindano kila dakika.

Lazima tutie na onyo. Si kila kilichotupwa chafaa mwilini. Magunia ya siku hizi ya unga na sukari, mengi si ya pamba tena. Yamefumwa kwa plastiki. Huwezi kuyapiga pasi ya moto, kwa kuwa yataanza kuyeyuka, hayanyonyi jasho, na karibu na moto wa jikoni ni hatari. Yafaa kwa kikapu au mkoba, wala si kwa nguo ya mtoto. Mpira wa gari mbovu, kwa upande mwingine, umepata kazi yake ya haki miguuni: viatu vya akala vya Kenya, ambavyo Tanzania huitwa katambuga, vimetembea maili nyingi kuliko viatu vingi vya dukani. Kila kitu kina mahali pake, na kukijua mahali pake ndio ufundi wenyewe.

Sasa twafikia swali letu la mwisho. Je, kazi hii yalisha? Hebu tufanye hesabu. Tuseme fundi amenunua mashati yale mawili kwa shilingi 4,000 za Tanzania, na uzi, sabuni na pasi vimemgharimu shilingi 1,500. Amefumua kwa saa moja na nusu, amepanga na kukata kwa saa moja, ameshona kwa saa mbili, na kumaliza kwa nusu saa; jumla saa tano. Akiliuza gauni kwa shilingi 10,000, hubakiwa na shilingi 4,500, yaani shilingi 900 kwa saa. Akitaka shilingi 2,000 kwa saa, lazima auze kwa shilingi 15,500. Lakini kando yake, katika meza ya mitumba, gauni la mtoto lauzwa kwa bei ndogo sana, bila mtu kushona hata mshono mmoja. Hapo ndipo vijana wengi wanaposhindwa. Hufanya kazi kwa bidii, huuza kwa bei ya mtumba, na baada ya miezi sita huiweka cherehani pembeni.

Kosa si la mkono wao. Mwenye jora hutandaza tabaka ishirini, akakata mara moja. Mwenye nguo kuukuu hukata moja moja, kwa kuwa kila shati lina tundu lake mahali pake. Basi kuna njia mbili za kuvuka. Ya kwanza ni kupanga kazi: nguo zichambuliwe kwa namna, mashati mahali pake na jinzi mahali pake, na fundi atengeneze kiolezo cha karatasi chenye vipande vidogo ambavyo vyaweza kupatikana katika shati lolote. Hapo mmoja atafumua, mmoja atakata, mmoja atashona, na saa tano zitakuwa mbili au tatu. Njia ya pili ni kulipa vazi thamani ambayo mtumba hauna. Vazi hilo limepimwa mwili wa mtu. Hapana jingine mfano wake mjini. Mishono yake yaweza kutazamwa ndani kama nje. Na fundi yupo, hata likifumuka atalitengeneza. Mnunuzi akiyajua hayo, hataliita mtumba tena. Asiyeyajua hatalipa, wala tusimlaumu. Ni juu ya fundi kumwonyesha.

Wala tusidanganyane kwamba mafundi wataumaliza mlima wa nguo zinazotupwa duniani. Hawataumaliza. Nguo hutengenezwa upesi kuliko mkono wowote unavyoweza kufumua, na nyingine hufika zikiwa mbovu hata hazifai kupangusia sakafu. Dawa ya hilo iko kwa wanaozitengeneza na wanaozinunua bila haja. Na wale wanaotegemea masoko haya huishi karibu na hasara daima. Usiku wa tarehe 1 Januari 2025 moto uliteketeza sehemu kubwa ya soko la Kantamanto katika mji wa Accra, Ghana, mahali ambapo wauzaji wa mitumba na mafundi wa kugeuza nguo walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi. Maelfu ya watu wakaamka bila bidhaa na bila cherehani. Watu wanaposema habari za takataka, na wakumbuke kwamba kwa wengine takataka hizo zilikuwa ndio duka, ndio chuo, ndio chakula cha jioni.

Kwa hiyo, wasikilizaji wetu, twawaomba mambo mawili. Ninyi mlio na vijana wanaojifunza cherehani, wapeni nguo kuukuu wazifumue kabla ya kuwapa kitambaa kipya. Katika koti moja lililofumuliwa kijana atajifunza jinsi mkono unavyoingizwa begani, jinsi ukosi unavyosimama, na jinsi bitana inavyofichwa. Fundi aliyelishona atamfundisha bila kusema neno. Nanyi mnunuao, mkiletewa vazi la namna hii, ligeuzeni ndani, mtazame mishono. Mkiiona imelala sawasawa, mjue kwamba mtu ametumia saa zake na macho yake hapo, mkamlipe kama fundi.

Haya ndiyo tuliyokuwa nayo leo.